Kondoo wa Fomu ya Viza

Mimi nina ugonjwa wa kuuliza. Polisi waliponipaka wino vidole vyote kumi, niliuliza mpaka askari akacheka. Nilitaka kujua alama zangu zinakwenda kulinganishwa na za nani, na mtu aliyejikata kidole kwa kisu cha jikoni kama mimi inakuwaje. Akanijibu kwa subira kwamba wanatafuta tu kama nimewahi kuwa na kesi. Nikafuta vidole kwa gazeti, nikatoka nikiwa mwepesi.

Nilikuwa mpishi kwenye loji moja hapo Karatu, na hoteli ya Uarabuni ilikuwa imenikubali. Ilibaki viza, na viza ilitaka cheti cha polisi cha tabia njema, barua ya utambulisho kutoka kijijini, na fomu ya kujaza mwenyewe. Wakala alishanionya: ukidanganya kwenye fomu ukabainika, nafasi imekwenda na hurudii tena. Nafasi ile niliitaka sana, sitaficha. Nilikuwa nimechoka kukaanga mayai ya wageni wanaowahi kwenda kutazama wanyama kreta, na mimi ndege naziona kwa juu tu.

Fomu niliijazia nyumbani Kansay, mezani kwa mama. Ilikwenda vizuri mpaka nikafika palipouliza kama nimewahi kuadhibiwa kwa kosa lolote na mahakama au mamlaka nyingine. Hapo kalamu ikasimama.

Maana niliwahi. Nikiwa darasa la sita niliwasha moto nichome mahindi karibu na ghala la jirani yetu. Upepo ukavuma, ghala likateketea pamoja na maharage yote ya mwaka ule. Polisi hawakuitwa. Wazee walikaa, wakampiga baba faini ya kondoo. Kondoo akachinjwa, mimi na jirani tukala kipande kimoja cha nyama mbele za watu, na jambo likaisha. Kwetu likiisha hivyo limeisha kweli, hulitaji tena, si kwa hasira wala kwa utani. Yule mzee nimemsalimia kila Krismasi tangu hapo, na hajanitupia hata jicho baya.

Sasa wazee ni mamlaka au si mamlaka? Mama aliniambia niache uchokozi. Wakala, kwenye simu, alisema tangu aanze kazi hiyo hajasikia kesi ya kondoo. Mtu mwingine angeandika "hapana" akalala usingizi wake. Mimi nikaona heshima ni kumwomba yule jirani mwenyewe ruhusa ya kuandika, na isitoshe siku hizi ndiye mwenyekiti wa kitongoji chetu, barua yangu inaanzia kwake.

Nilimkuta anapukuchua mahindi. Nikamwamkia, nikapewa kigoda, nikamweleza safari. Alifurahi kweli, akautoa mhuri wake mfukoni. Ndipo nikamwambia kuhusu lile swali, na kwamba ningependa kuandika habari ya ghala.

Alisukuma kando ungo wa mahindi. Halafu akaniuliza kama ninajua nilichofanya. Nikasema ninaomba ruhusa tu, mzee wangu.

"Umelifungua," akasema. "Lile lilikwisha. Hili la leo ni jipya, na kondoo wake utamtoa wewe, si baba yako."

Akaurudisha mhuri mfukoni. Nilikasirika, jamani, nusura nilie. Karatasi zilitakiwa kwa wakala kabla ya Ijumaa, na mzee mzima ananidai kondoo kwa sababu nimetaka kusema ukweli! Njia nzima nilikuwa nanung'unika peke yangu. Lakini bila barua hakuna viza, basi nikatafuta kondoo.

Jumatano wazee wakaja. Safari hii tulikunywa soda badala ya pombe, kwa kuwa wengi wao wameokoka. Kabla ya nyama kuliwa, aliyekosewa hutoa lililo moyoni, mara moja tu. Zamani zile nilikuwa mtoto, alilosema halikunikaa kichwani. Sasa nilisikiliza.

"Ada ya sekondari ya binti yangu ilikuwa mle ghalani," alisema. "Akarudi nyumbani, hakwenda tena. Wewe nimekuona unasoma, unamaliza, unapata kazi. Mnadhani nilinyamaza kwa ajili yako. Nilinyamaza ili niweze kuamka kila asubuhi na kuiona nyumba yenu."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Binti yake nilimjua tangu zamani, anauza nyanya mnadani, nami siku zote nilidhani shule haikumpendeza. Alikuwepo palepale, anagawa soda. Mzee akakata kipande cha nyama, akala nusu, nusu akanipa. Nikameza.

Kisha akaagiza karatasi. Macho yake hayaoni tena mistari, hivyo barua zote za kitongoji huandikwa na binti yake. Binti alikaa kando yangu akaandika kwamba wananifahamu tangu utotoni, kwamba nina tabia njema na sina kosa lolote. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Baba yake akagonga mhuri, na kwenye fomu nikaandika "hapana."

Binti aliponikabidhi barua nilitaka kumwomba msamaha. Lakini nyama ilikuwa imeshaliwa, na sikuruhusiwa tena.