Kiondo cha Vitako Viwili

Siku yangu ya kwanza ya kazi katika chama cha kina mama, mwenyekiti wa Nyeri hakuniuliza nilisoma mpaka darasa la ngapi. Alikipindua kiondo changu akaangalia kitako. "Unaweza kusuka kitako kingine ndani ya hiki?" Nikasema naweza. Basi nikawa mchukuzi wa kadi, mimi niliyetoka shule darasa la tatu.

Serikali ya wakati ule haikutaka chama kingine ila chake, na cha wanawake ilikiona kama matusi. Kukutana bila kibali, yaani karatasi ya mkuu wa wilaya, ilikuwa kesi. Kwa hivyo kadi za wanachama zilikaa katikati ya vitako viwili, juu yake viazi, nami nikazipeleka Murang'a, nikazipeleka Kangema. Mwenyekiti wa Kangema alikuwa mkali. "Ukishikwa, kiondo ni chako. Usimwachie mwingine." Nilimjibu kwamba mimi si mtoto.

Halafu wakanituma Kagio, siku ya soko, kwa Nyambura muuza nyanya, mwanachama wetu. Nilikuwa sijakaa vizuri askari wawili wakafika. Mmoja akamwaga viazi, akapasua kitako kwa kisu. Kadi zikaanguka.

"Hii ni ya nani?"

Ninyi mnaoniita shujaa, hapa msome polepole. Nilinyamaza. Nyambura, ambaye hajawahi kusuka hata kamba ya mbuzi, akasema, "Ni yangu, afande. Huyu mama alikuwa anauliza bei tu."

Na mimi, ati, nikauliza bei ya nyanya.

Nyambura alirudi kutoka jela baada ya misimu miwili ya mahindi, goti lake halikunjiki. Kina mama wa soko walijua. Kila msusi huanza kitako kwa namna yake, na mkono wangu wanaujua kama sauti yangu. Hawakusema kitu. Mimi pia sikusema, na kazi nikaendelea nayo.

Nilipostaafu mwaka jana chama kilinivisha shuka, vigelegele vikapigwa. Nyambura alikaa mbele, mguu umenyooka. Watu walipotawanyika akanivuta kando. "Mama Wairimu, nisukie kiondo. Kitako kimoja kinatosha."

Nimekianza mara tatu, nikakifumua mara tatu. Sasa nimefika ukingoni. Nitampelekea Kagio mchana, soko likiwa limejaa, na kabla hajakipokea nitawaambia kina mama wote kile kilichopasuliwa na askari kilikuwa cha nani.