Vikwembe Tu Vibaki na Rangi

Darlène Masika alikuwa na kazi moja iliyomchefua kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo iliyomlisha. Watu walimletea picha nzuri, zenye rangi zake zote, wakamwomba aziue zote aache moja tu. Tai ya bwana harusi. Ua la mkononi. Keki. Mwaka ule wa 2014 ugonjwa huo ulikuwa umeenea Kampala nzima, na pale Kabalagala, katika chumba chake kilichobanwa kati ya baa na duka la simu, haikupita siku bila mtu kuingia na kusema anataka "ile ya rangi moja".

Kilichomuudhi zaidi ni kwamba alikulia Butembo, mashariki mwa Kongo, katika studio ya baba yake, enzi ambazo picha zilitoka nyeusi na nyeupe kwa sababu hapakuwa na namna nyingine, na wateja walimsihi mzee awapake rangi japo midomo. Sasa rangi imekuja yenyewe, na watu wanalipa iondolewe. Binadamu hajui anachotaka, Darlène alipenda kusema, ila anajua kwamba anakitaka kesho saa nne.

Wengi walidhani kompyuta hufanya kazi hiyo peke yake. Njia ya mkato ilikuwepo, ni kweli: unaiamuru mashine ibakize kila kilicho chekundu na kufifisha vingine. Aliijaribu mara moja kwa mteja wa tai nyekundu. Tai ilibaki, lakini na barabara yote ya vumbi ikabaki, na mabati ya jirani, na ndoo, na macho ya mjomba aliyeanza kunywa asubuhi. Tangu hapo alifanya kwa mkono. Alilaza picha isiyo na rangi juu ya ile yenye rangi, kisha akaifuta ya juu kwa kipanya, ukingo kwa ukingo, mpaka rangi ya chini ichungulie pale tu ilipotakiwa. Shingo ikimuuma, anasonya. Macho yakimwasha, anasonya tena.

Basi Jumatatu moja akaingia Victoire, msichana wa Kinande, kabila la huko Butembo, aliyefunga ndoa Jumamosi iliyotangulia katika kanisa la Wakongo kule Kyebando. Alileta picha ya ukoo mzima, watu arobaini na mmoja mbele ya ukuta wa kanisa, karibu wote katika kikwembe kimoja, kitenge cha zambarau chenye ndege wa manjano. Wanawake walishona kila mmoja kwa mtindo wake, wanaume wakashona mashati. Alitaka ichapwe kubwa kama mlango, itundikwe sebuleni, na nakala iende Butembo kwa baba zake wadogo.

"Yaya Darlène," alisema, kama Wakongo wanavyomwita dada mkubwa, "bikwembe tu njo bibakie na rangi. Ile ingine yote uzime."

Darlène aliwatazama wale ndege. Walikuwa mamia, na kila mkono wa kila mtu ulikuwa umekatiza juu ya ndege fulani. Alitaka kusema hapana. Akasema Jumatano.

Zile siku tatu zilimtoa roho. Mpiga picha, Mkenya mmoja aitwaye Sifuna, alikuwa amepiga saa sita mchana, jua likiwaka, hivyo nusu ya kingo hazikuonekana. Umeme ulikatika mara mbili, na ya pili ilimkuta hajahifadhi kazi, akarudia mashangazi sita tangu mwanzo. Aliwasema wote kwa sauti, Sifuna, umeme, na yeyote aliyewahi kubuni kikwembe chenye ndege.

Jumatano Victoire alipofika, Darlène alikuwa amebakiza mtu mmoja. Alimvutia kiti aketi asubiri, kisha akamwonyesha jambo lililomsumbua tangu asubuhi. Mwisho kabisa wa safu ya mbele, mkono wa kushoto, alikaa Mama Kahambu. Kabalagala nzima ilimjua Mama Kahambu, muuza unga wa muhogo, mwanamke mrefu aliyeinama kila alipopita mlangoni. Ndiye aliyemlea Victoire tangu ana miaka minne, mama mzazi alipofariki na baba akaoa tena. Siku ya harusi alivaa gauni la kijani. Na sasa, kwa kuwa kijani si kikwembe, alikuwa amefifia. Wenzake wanawaka zambarau, yeye amegeuka jivu, karibu kumezwa na ukuta. Darlène alisema kwamba huko Butembo wataiona picha hii na kuuliza kama huyu mama ni marehemu.

Uso wa Victoire ulikazana. Katika ukoo wao, kikwembe cha harusi hakikuwa pambo. Aliyekivaa alikuwa amesema ndiyo kwa ndoa ile, na asiyekivaa amesema la.

"Alipewa kipande yake kama wote," alisema. "Asubuhi ya ndoa akakuja na ile nguo. Nikamuuliza sababu, akasema tu kikwembe hakimukae muzuri. Alikatala bwana yangu mbele ya watu. Abakie vile."

Akaongeza kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeagiza akalishwe kule mwisho.

Darlène aliudhika na wote wawili, mama asiyejieleza na binti asiyeuliza mara mbili. Hayakuwa mambo yake. Alikamata kipanya amalize mtu wake wa mwisho, Shangazi Séraphine, dada wa marehemu baba yake Victoire, mwanamke mfupi wa mviringo aliyesimama nyuma ya bibi harusi akitabasamu.

Akaikuza picha, akaanza na pindo, na pindo likamtia wazimu. Ukingo haukukaa sawa. Kitambaa kilikunjwa mara mbili kwenda ndani, kikashikizwa kwa pini, na pini zilimeta juani moja baada ya nyingine. Akapanda juu. Kiuno cha gauni kilikuwa kimeshukia makalioni. Mikono ilifika kwenye kucha. Mtu mwingine angeona shangazi amependeza, lakini Darlène alikuwa anapita kila sentimita ya nguo ile kwa ncha ya mshale wa kipanya, na nguo ile haikuwa ya mwanamke yule.

"Hii ilishonwa kwa nani?" aliuliza.

Victoire alisogeza kiti. Alieleza polepole kwamba shangazi alitokea Ijumaa jioni kwa basi, bila taarifa, na kikwembe kilikuwa kimeisha dukani. Yeye alikuwa saluni. Aliporudi alikuta shangazi ameshapata nguo, na katika heka heka zile hakuuliza imetoka wapi. Dada wa baba kukosa kikwembe ingekuwa aibu ya harusi nzima. Alilitazama lile pindo, akazifuata pini moja moja kwa kidole.

"Ilikuwa ya mama," alisema.

Akaomba lile gauni la kijani nalo lirudishiwe rangi. Darlène alikataa. Kijani kimoja kati ya zambarau arobaini ni kumnyooshea mama kidole. Watauliza, na wakiuliza sana watafika kwenye pini za shangazi, jambo ambalo Mama Kahambu alimeza matusi ili lisijulikane. Akaiondoa yote ile picha ya juu isiyo na rangi, kwa kubonyeza mara moja. Siku tatu zikaenda zake. Ukuta ukarudi kuwa wa rangi ya samli, nyasi zikawa nyasi, na mwanamke wa gauni la kijani akawa mgeni wa harusi kama wengine. Darlène alihisi machozi, na hakuwa na hakika kama ni ya mama yule au ya shingo yake.

"Unaweza kumusogeza karibu yangu?" Victoire aliuliza.

Angeweza. Alikwisha kuwaweka madhabahuni waume waliokuwa Kanada. Alikuwa na hasira za siku tatu, na zote zikatoka kwa sauti ya chini.

"Naweza, na sitafanya. Wewe njo ulimukalisha kule. Mimi si mutu wa kukuondolea ile."

Victoire aliinamisha kichwa. Darlène alidhani ataondoka akapige kelele kwa mwingine. Badala yake alitoa simu kwenye mkoba.

"Mama, uko ku soko? Funga, ukuje huku kwa yaya Darlène. Tupige picha, mimi na weye." Alisikiliza, akafuta pua kwa kiganja. "Najua hauna kikwembe, mama. Najua kwenye kilienda. Vaa ile nguo ya kijani."