Mtungi wa Raghunath

Raghunath Pednekar alikuwa fundi seremala wa studio pale Bombay, si mwigizaji. Siku moja mwongozaji wa filamu alimwachisha randa, akamtwika mtungi uliotobolewa. "Kizunguke hiki kitanda alicholalia nyati, maji yakimwagika. Kisha uuangushe mtungi nyuma yako, na usigeuke." Hivyo ndivyo mfiwa wa Kihindu anavyofanya mbele ya kuni za kumchomea maiti wake. Raghunath aliona ni uchuro, ila mkubwa ni mkubwa, akatii.

Filamu haikueleweka, na kwa sababu hiyohiyo wajuaji wa mjini wakaipenda kufa. Miaka thelathini wanaionyesha, kila mtu na mtungi wake, wakiivunja mitungi sakafuni kwa pamoja na kupiga kelele: "Usigeuke, mzee!" Hata sokoni walimpigia kelele hizohizo, naye akacheka nao. Mzaha mzaha, hutunga usaha.

Mkewe Sumitra akafa. Hawakujaliwa mtoto, basi mtungi akaubeba mwenyewe. Akazunguka kuni mara tatu, maji yakimchirizika mgongoni. Kuhani akamnong'oneza, "Sasa achia, baba. Ukigeuka utamzuia asiende."

Akaachia. Mtungi ukapasuka, na nyuma yake makofi yakalipuka. "Usigeuke, mzee!"

Raghunath akageuka. Walikuwa kama ishirini, simu juu, wala hakuna aliyewaalika.

"Aah, kaharibu," mmoja akasema, akishusha simu. "Kwenye filamu hageuki."

"Si kuna mtungi mwingine hapa?" akadakia mwenzake. "Mzee, hebu rudia!"