Ngozi ya Beberu na Maganda ya Makadamia

Juzi pale Makutano mwanamke mmoja aliniapia kwamba mkoba anaouza ni wa ngozi halisi. Nikauinua hadi puani. Ulinuka kama ndoo mpya. Nikamwambia, "Dada, hii ni plastiki, usinifanye mjinga." Akaniita mkorofi, nami nikaondoka nikifoka peke yangu, mtoto mgongoni. Mniwie radhi, lakini kwa habari ya ngozi sidanganyiki. Ngozi niijuayo inanuka moshi. Najua kwa sababu niliwahi kuiharibu moja.

Nilikuwa na miaka minane, nikikaa kwa Cucu, mama yake mama, huko Kanja. Mama alikuwa mpishi wa shule upande wa Kaaga, na alikuwa karibu kujifungua. Safari yake ya mwisho kabla ya hapo alimletea Cucu beberu mkubwa, mwenye ndevu za mhubiri. Nyama tulikula. Ngozi, Cucu akasema, ni ya kumlazia mtoto, kama mama alivyolazwa.

"Ukitulia, Igoki, wewe ndiye utakayemlaza siku ya kwanza."

Sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka hicho. Shida ilikuwa hilo neno kutulia.

Ngozi ililala siku kadhaa katika beseni la maji ya majivu, hadi manyoya yakang'oka kwa kuvutwa tu. Harufu yake, hata kuku walipita mbali. Kisha Cucu akaiwamba chini kwa vijiti, akaikwangua kwa panga butu, akaipaka mafuta ya mbarika, akaanza kuifikicha. Kuifikicha, kuivuta, kuikanyaga, jioni baada ya jioni, akiimba nyimbo za kanisa. Mimi nilishika upande wa pili nikiuliza. Kwa nini majivu? Kwa nini panga butu? "Kali litatoboa." Hilo alijibu.

Jirani yetu mzee Njeru akipita alikuwa akicheka. "Mama Rozi, ngozi ni kazi ya wanaume! Na siku hizi blanketi si ziko dukani?"

"Basi wanaume waje wafikiche," Cucu alimjibu, na mzee akaongeza mwendo.

Ngozi ilipokuwa laini kama kitambaa, nilidhani imekwisha. Cucu akasema bado moshi. Akachimba kishimo nyuma ya jikoni, akasimamisha miti mitatu juu yake, akaivisha ngozi kama sketi. Ndani ya shimo akaweka makaa na vipande vya kuni zilizooza. Moshi mzito, bila moto.

"Kwa nini moshi, Cucu, na imeshakuwa nzuri?"

"Utajua mtoto akikojoa."

Hilo nalo ni jibu? Hadi leo nikisikia mtu mzima akimwambia mtoto "utajua", napandwa na hasira.

Akaenda kukata nyasi ya ng'ombe, akaniachia moshi niuchunge. "Usiongeze kitu." Nilichunga kwa uaminifu, labda dakika kumi. Halafu nikaanza kufikiri: kama moshi kidogo unafanya kazi polepole, je, moshi mwingi? Kando ya ukuta palikuwa na gunia la maganda ya makadamia ya kuwashia jiko. Yeyote aliyekulia kwetu anajua ganda la makadamia linavyowaka. Hata mimi nilijua. Nilitaka tu kuona. Nikatia konzi mbili, nikainama nipulize.

Moto uliruka, ukanichukua nyusi zote mbili. Nilipofaulu kuivuta ngozi, nusu ya chini ilikuwa imejikunja, nyeusi, ngumu kama ukoko wa ugali.

Cucu alirudi, akaitazama ngozi, akanitazama mimi. Nilimpigia kelele kabla hajafungua mdomo: "Si ungeniambia kwa nini!" Nikangoja kofi. Akaleta kisu, akakata palipoungua, akafukiza iliyobaki mwenyewe hadi ikawa rangi ya chai. Heri angenichapa.

Jumamosi mama akaja na mtoto. Cucu akatandika ngozi chini. Mama akaitazama.

"Mbona kadogo hivi?"

Nilijua sitamlaza mtoto tena. Lakini Cucu, mwanamke aliyewahi kunichapa kwa uongo wa kijiko kimoja cha sukari, akasema bila kupepesa jicho, "Mbuzi alikuwa mdogo." Akanigeukia. "Igoki, mlaze."

Nikamlaza. Kichwa na mgongo vilienea, miguu ikabaki kwenye leso. Hazikuisha dakika tano akakojoa. Kesho yake ngozi ilikuwa laini vilevile, isipokuwa kona moja ambayo moshi haukuifikia. Hiyo ilikauka ikawa mbao. Basi, kumbe moshi ni wa mkojo. Ingemgharimu nini kusema?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mimi na Cucu tulimdanganya mama, na nilijivunia siri hiyo. Ni mwaka huu tu, nikimpaka binti yangu mafuta usoni, kidole kikipita juu ya nyusi zake, ndipo nilipoacha kupaka nikakaa chini. Beberu yule alinunuliwa na mama. Yeye ndiye aliyemvuta kwa kamba kutoka barabarani hadi uani, akihema. Na siku ile, baada ya Cucu kusema alichosema, mama aliniangalia usoni kwa muda mrefu, pale nyusi zilipopaswa kuwa.

"Kweli," akasema. "Kalikuwa kadogo."