Kilichokuwa Kwenye Weusi wa Mlango

Nina studio ndogo mjini Muleba, chumba kimoja chenye pazia la bluu na kiti cha kuzunguka. Kwa miaka kadhaa nilihariri picha zangu zote kwenye laptopu niliyoachiwa na dada yangu, na kioo chake kilikuwa kinanidanganya. Nikitazama pale, uso wa mtu uko vizuri. Nikipeleka picha kusafishwa Bukoba, mtu yule anarudi mwekundu kama aliyepakwa udongo. Bibi harusi mmoja aliniuliza, kwa upole tu, kama yule ni yeye. Ndipo nikaamua kununua kompyuta ya mezani.

Sikutaka kwenda dukani peke yangu. Nilipita mtaa wa Hamugembe kwa mzee mmoja aliyekuwa na studio mjini Bukoba enzi za filamu. Ndiye aliyenipiga picha ya kipaimara. Ni Mwislamu, babu zake walitoka pwani, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu cha shuleni, ambacho nikiwa na haraka Kihaya huchungulia ndani yake.

"Kompyuta sijui hata kuiwasha, binti yangu," alisema. "Lakini kama ni kutazama, nitatazama."

Akavaa kofia yake, tukapanda bodaboda mbili mpaka dukani, Bukoba mjini.

Muuzaji, dada mchangamfu, alikuwa na mashine tatu za mtumba zilizounganishwa tayari. Alianza na ile kubwa. "Sipiyu hii ndiyo yenye kasi kuliko zote hapa. RAM gigabaiti thelathini na mbili. Picha zako zitafunguka kabla hujakaa." Moyo wangu ulishaenda. Mzee hakulitupia jicho lile sanduku.

"Umekuja na picha?" aliniuliza.

Nilikuwa na flashi.

"Fungua yenye nyeupe na nyeusi pamoja."

Nikachagua ya Jumamosi iliyotangulia. Bibi harusi anatoka nyumbani kwa wazazi wake, kijijini, si mbali na Muleba. Gauni jeupe, migomba pembeni, na nyuma yake mlango wa nyumba uko wazi, mweusi tii. Ilikuwa harusi yenye jambo. Baba wa binti na baba wa kijana waligombana kwa miaka juu ya mpaka wa vibanja vyao, mashamba yao ya migomba, na baba wa binti alikuwa amesema binti ataolewa ila yeye hatatoka nje kumsindikiza. Alibaki ndani siku nzima. Baba mdogo ndiye aliyemshika binti mkono.

Kwenye kioo cha ile mashine kubwa, mzee alitikisa kichwa mara moja. "Gauni limekuwa karatasi." Ni kweli, mikunjo yote ilikuwa imepotea. Cha pili kilimfanya binti awe na rangi ya mtu mwenye homa. Cha tatu kilikuwa na mkwaruzo pembeni na kimeunganishwa na sipiyu ya kawaida kabisa. Picha ilipofunguka niliona maua ya lesi kwenye gauni, moja moja, maua ambayo mimi mwenyewe niliyepiga picha sikujua kwamba yapo.

Mzee alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Weusi huu una mtu ndani," alisema.

Nilidhani anatania. Nikainama karibu naye. Sikuona kitu, kisha nikaona mkono ulioshika mwimo wa mlango. Nilifungua programu ya kuhariri na kuinua vivuli, yaani kuangaza sehemu zenye giza, kidogo tu. Akatokea mzima: mwanamume aliyesimama hatua moja ndani ya nyumba, amevaa suti, shati jeupe, na tai iliyofungwa vizuri. Baba wa binti. Alikuwa amevaa kama mtu anayekwenda kanisani, akasimama gizani.

Siku ile nilisimama mita chache kutoka mlango ule na sikumwona. Kamera ilimwona. Na mzee huyu, aliyezoea kutafuta sura za watu kwenye maji ya dawa ya kusafishia picha chini ya taa nyekundu, alimwona kabla sijagusa chochote.

Niliinua vivuli zaidi. Mzee akanishika mkono. "Basi. Usimtoe nje. Mwenyewe hakutoka."

"Nichukue ipi sasa?" nilimuuliza, ingawa nilijua.

"Hii. Kasi utaongeza ukipata nafasi. Kioo kikikudanganya, utawadanganya watu wote wanaokuja kwako."

Nilichukua ya tatu, na mkwaruzo wake.

Picha ile niliipeleka ikasafishwa mara mbili, moja mlango ukiwa mweusi, nyingine baba akionekana kwa mbali. Nilimpa binti bahasha na kumwomba aifungue akiwa kwake. Aliifungua palepale. Alitazama, akakaa kwenye kiti cha kuzunguka, akasema polepole, "Amevaa tai." Sikumuuliza atafanya nini nayo.

Wiki chache baadaye baba yake aliingia studio. Nilimsalimu, nikampa kiti, nikiogopa kwamba amekuja kunigombeza.

"Nimesikia una mashine inayoona gizani," alisema.

"Waitu," nilimwita kwa heshima ya Kihaya, "picha ndiyo ilikuwa nayo. Mashine imeonyesha tu."

"Nionyeshe."

Nilimfungulia. Nilianza kumkuza yeye pale mlangoni, nikidhani ndicho alichokijia. Akaweka kidole juu ya kioo.

"Mimi najijua. Mkuze yeye."

Nikamkuza binti mpaka uso ukajaa kioo chote: shela, hereni, unyevu chini ya jicho la kushoto, na tabasamu lililoanza upande mmoja wa mdomo.

"Siku ile, nikiwa mlangoni, niliona mgongo wake tu," alisema.

Alivua kofia yake, akaiweka magotini. Wateja wawili walikuwa wamefika kwa ajili ya picha za pasipoti. Niliwaomba wasubiri nje, nikatoka nikasimama nao.