Nyota ya Bibi Ilipotetemeka

Juzi nilirudi Cheektowaga, kule Marekani tulikohamia, kumsaidia baba kuhama. Nikiwa na godoro kichwani nikaiona Zuhura juu ya paa la ghala, iko chini kabisa angani, inametameta nyekundu na kijani. Nikasimama pale kama mjinga, ndugu yangu, maana mimi na nyota ile tuna kesi ya zamani.

Mwaka 2016 nilikuwa na miaka kumi. Tulipotoka kambi ya wakimbizi Kigoma, shangazi alibaki kwa sababu faili lake la safari lilikwama. Yeye na bibi waliagana kwa ahadi: kila jua likizama, kila mmoja huko aliko aitazame ile nyota kubwa isiyometameta. Sasa vuli ile, maharage yakitokota kwa mawese, bibi aliniita dirishani.

"Hebu tazama, mjukuu wangu. Inatetemeka. Shangazi yako ana shida."

Simu ya shangazi ilikuwa haipatikani wiki ya pili. Baba alisema ni chaji tu, kambini ndivyo kulivyo. Bibi hakukubali. Kila baba aliporudi kutoka kazini alimkaba ampigie jirani wa kule, aende akamwone shangazi.

Mimi, mjuaji wa nyumba, nikamuuliza mwalimu. Akanieleza kwamba Zuhura ni sayari, na sayari huonekana kama kisahani kidogo sana, si nukta kama nyota, ndiyo maana kwa kawaida hutulia. Lakini ikiwa chini, mwanga wake hupita kwenye hewa nyingi, ya baridi na ya vuguvugu, ukayumbishwa njiani. Nikakimbia nyumbani.

"Bibi, ni hewa ya hapa tu! Yenyewe imetulia."

Akaweka mwiko chini. "Kwa hiyo shangazi yako hana neno?"

"Hana neno," nikasema.

Jioni ile alimaliza ugali wake wote, akaimba wimbo wa kwaya akiosha sufuria. Baba hakusumbuliwa tena.

Januari Zuhura ilikuwa imepanda juu, imetulia tuli. Ndipo jirani alipopiga simu. Shangazi aliugua malaria akiwa peke yake, na walikuwa wamemzika kabla ya Krismasi.

Bibi hakunilaumu hata siku moja. Aliendelea kunifunga skafu kila asubuhi, akinivuta karibu na kifua chake. Leo hayupo, na jiko lile ni la watu wengine. Kuhusu hewa nilisema kweli. Kuhusu shangazi sikujua lolote, na mpaka tunamzika bibi sikuthubutu kumwambia hivyo.