Mstari wa Baba Katika Daftari la Gavana

Leo nimeenda Kilimani kwa mama mmoja anayeandika kitabu juu ya babu yake, na sijui kama nimefanya vizuri.

Huyo babu alikuwa afisa wa jeshi la majini la Waingereza, halafu akapewa kisiwa akitawale kama gavana. Alipostaafu alinunua nyumba upande wa Karen, na baba yangu, aliyetembea kwa miguu kila siku kutoka kwetu Mutuini, akawa mpishi wake. Nilikuwa na miaka tisa. Nyumba ile iliendeshwa kama meli: kengele ya chai, kengele ya kuosha veranda, na daftari ambalo mzee aliandika kila jioni yaliyotokea.

"Aliandika kila kitu," mama yule akaniambia. "Hata kuku akichelewa kutaga."

"Na kuku naye alifutwa kazi?"

Akacheka, kisha akalivuta daftari. Alijua ukurasa uliofuata una nini. Akanitafsiria: mpishi amekuja mchana, amelewa, nimemwachisha kazi.

"Mzee, ukitaka hii nitaitoa. Ni kitabu yangu."

Baba hakupata tena kazi ya jikoni. Alichonga mawe mpaka mgongo ukakataa, na nyumbani hatukuitaja siku ile. Lakini kulewa alilewa. Nilimwona akitoka kwenda kazini.

"Ni kweli," nikasema. "Wacha ikae. Ila uandike kwamba asubuhi hiyo tulikuwa tumezika mtoto. Mdogo wangu, wa miezi minne."

Akaweka kalamu chini. "Babu alijua?"

"Hakuambiwa. Baba aliongea naye mambo ya jikoni tu."

"Na angeambiwa, si angeelewa?"

"Hakuuliza."

Akaichukua kalamu, akaandika hilo pia. Niliona limemuuma na, nisifiche, nilifurahi kidogo.

Nimefika nyumbani furaha imeisha. Nilijuaje kwamba hakuuliza? Sikuwa jikoni kule. Nilikuwa nimebaki na mama yangu, ambaye hakutaka kuondoka pale kaburini. Pengine mzee aliuliza na baba akanyamaza tu. Baba alikuwa mtu wa kunyamaza. Pengine kweli hakuuliza. Wote wawili wamekufa, na mimi ndiye nimebaki kuwasemea, mtu aliyeishia darasa la saba.

Nimekaa na simu nikiandika na kufuta. Mwishowe nikamtumia: Mama, lile la kutouliza litoe. Sikuwepo. La mtoto liache.

Amejibu asante, tena haraka, kama mtu aliyekuwa akingoja.

Kwa hiyo kitabuni baba atakuwa amelewa, na babu wa mama yule atakuwa mtu ambaye hakuambiwa. Mke wangu ameusoma ule ujumbe mara mbili.

"Sasa wewe," akauliza, "ulienda huko kumtetea nani?"

Nimevua viatu.